Chemba Chini ya Marumaru

Jumatano asubuhi maji ya choo yalipanda badala ya kushuka, na kabla hayajafika ukingoni Mama Usafi alikwishamjua mkosaji. Hakufunua tangi wala hakuinama. Alisimama mlangoni amebana pua kwa vidole viwili, akapaza sauti kuelekea chumbani.

“Njoo uone kazi ya mama yako!”

Jina la Mama Usafi alipewa na majirani, nusu kwa heshima na nusu kwa kinyaa. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafi ya mtaa, na cheo hicho alitembea nacho shingoni, pamoja na filimbi. Aliingia nyua za watu bila hodi, akafunua mapipa yao ya taka, akawauliza wanawake wenzake mbele ya watoto wao kama walilelewa zizini. Jumamosi ya wiki hiyo mabwana afya wa halmashauri walikuwa waje kukagua mtaa kwa ajili ya shindano la usafi, na nyumba ya kufikia, nyumba ya mfano, ilikuwa yake mwenyewe. Alijichagua.

Mumewe aliitwa Mheshimiwa. Hakuwahi kuchaguliwa na yeyote kwa lolote. Aligombea mara moja ujumbe wa kamati ya shule akapata kura mbili, na ya pili mpaka leo haijulikani ni ya nani, maana mkewe anasema siku ile hakwenda. Lakini tumbo la uongozi alikuwa nalo, na sauti ya jukwaani pia. Kazini, ambako alisimamia stoo ya karatasi na wino, vijana walimwita hivyo wapate kutoka mapema. Yeye aliamini wameona kitu.

Alikuja na ule mpira wa kuzibulia wenye mpini, akausukuma chooni mara nne, akarukiwa na maji kwenye suruali ya kazini, akarudi nyuma.

“Hili ni tatizo la matumizi,” alitangaza. “Choo cha kuvuta kina masharti yake. Mtu aliyezoea choo cha shimo hawezi kukijua kwa siku moja.”

“Wiki tatu,” mkewe alimsahihisha. “Wiki tatu tangu aje, wiki tatu choo kinaumwa. Jumlisha mwenyewe.”

Ulikuwa uongo. Choo kile kilianza kukoroma mwaka uliopita, na binti yao wa miaka kumi na sita aliwahi kusema mezani, mara mbili, kwamba akioga maji yanamfika vifundoni. Aliambiwa aoge haraka.

Bibi, mama yake Mheshimiwa, alikuwa kwenye kiti cha korido, hatua tano kutoka hapo, akisikia yote. Alianguka kwake kijijini akavunjika mguu, akaletwa mjini kutiwa vyuma, na daktari akaagiza akae karibu na hospitali mpaka mfupa ushike. Alitembelea gongo. Kwa siku alijibiwa maneno kama ishirini, kumi na tano yakitoka kwa mjukuu.

“Mama,” Mheshimiwa alimwita, “unatupa nini humu?”

“Nitupe nini, baba? Natupa wanachotupa wote.”

“Anatupa vitambaa,” Mama Usafi alisema bila kumtazama. “Au magunzi. Watu wa huko hujifutia magunzi.”

“Magunzi nitayatoa wapi, mkwe wangu? Hindi kwako sijaliona tangu nije.”

Binti alicheka. Akaangaliwa.

Nyumba hiyo ilijengwa na vyoo viwili. Cha pili, kilichokuwa chumbani kwa wenyewe, walikwisha kuking'oa wapate kabati la nguo. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kimoja, na kufikia mchana kilikuwa na kufuli. Ufunguo Mama Usafi aliutia kwenye kamba ya filimbi. Jioni Mheshimiwa alirudi na tangazo alilochapa ofisini, kwa karatasi ya ofisi na wino wa ofisi, akalibandika mlangoni: CHOO HIKI NI KWA WENYE UFAHAMU WA MATUMIZI.

Bibi alilisoma polepole, akifuata kwa kidole.

“Ufahamu,” alisema. “Neno zuri.”

* * *

Yeye alipewa ndoo yenye mfuniko, ikawekwa nyuma ya nyumba mahali pa kufulia, ikazungushiwa shuka kuukuu. Shuka lilikuwa fupi. Mtu aliyesimama dirishani kwa jirani angemwona kuanzia mabega, na jirani alikuwa mwanamume mpole ambaye tangu siku hiyo alilazimika kufunga dirisha lake na kukaa na joto.

Kulikuwa na jambo ambalo wenye ufahamu hawakulifikiria. Mtu mwenye gongo mkono mmoja hawezi kubeba ndoo iliyojaa. Binti alijitolea kuimwaga. Bibi akakataa katakata.

“Mimi ndiye nilimwosha baba yako, na wewe nilikuosha ulipokuwa mchanga. Kazi hiyo haipandi mlima, mjukuu wangu. Haiji kwangu kutoka kwako.”

“Sasa itakuwaje, Bibi?”

“Itakuwa hivi.” Akasukuma kikombe cha chai pembeni, kimejaa vile vile kama kilivyoletwa. “Nisipoingiza, sitatoa.”

Alhamisi hakunywa kitu; hata vidonge vya mguu alivimeza kwa mate. Mama Usafi aliona kikombe kimejaa, akasema wazee wengine hususa ili watu wawaone.

Ila choo hakikupata habari kwamba mkosaji amezuiwa. Alhamisi mchana Mama Usafi alifungua kufuli, akakuta maji yamefika tena ukingoni, safi, yametulia kama yanamsubiri.

“Ameingia!” alipiga kelele. “Ameingia humu nikiwa sipo!”

“Kwa ufunguo gani, mama?” binti aliuliza.

“Usinijibu.”

Jumamosi ilikuwa inakuja. Fundi akaitwa.

* * *

Aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye suruali ya kazi iliyotiwa viraka magotini. Mafundi wenzake walimwita Fundi Sikio, kwa kuwa kabla ya kufungua chochote alikuwa na desturi ya kusikiliza. Mheshimiwa alimtazama kutoka juu hadi chini.

“Mwenyewe yuko nyuma?”

“Mwenyewe nani?”

“Fundi.”

“Fundi ameshafika, bosi. Choo kiko wapi?”

Aliupita mlango wenye tangazo, akalisoma. Akafunika kiti cha choo, akakaa juu yake, akainamisha kichwa. Nyumba nzima ilimtazama akiwa amekaa vile, kimya, kama mtu anayesubiri simu ya ndugu.

“Mnasikia hiyo?” aliuliza.

“Nini?” Mheshimiwa alisema.

“Ssss. Maji yanatiririka, na hakuna aliyevuta.” Akafunua tangi, akatoa mfukoni kikaratasi chenye unga mwekundu wa rangi ya keki, akadondosha punje kidogo. “Tusubiri. Asivute mtu.”

Wakasubiri. Hazikupita dakika tano, maji ya bakuli la choo yakaanza kupiga wekundu, utepe mmoja mwembamba ukishuka taratibu.

“Mpira wa chini ya tangi umekwisha,” Fundi Sikio alisema. “Haufungi. Tangi linavuja humu usiku na mchana. Na kwa kuwa mbele kumeziba, maji hayana pa kwenda, yanapanda. Hata mkihama nyumba mwezi mzima, mtarudi mkute kimejaa.”

Binti aligeuka kumtazama mama yake. Mama Usafi aligeuka kutazama ukuta.

“Mbele kumeziba na nini?” Mheshimiwa aliuliza upesi.

“Tulia, bosi, ugonjwa hauulizwi mara moja. Mna mashine ya kufulia? Iwasheni imwage maji.”

Mashine ilipomwaga, tundu la maji la bafuni lilibwabwaja kama mtoto anayesukutua, na maji ya choo yakapanda vidole viwili. Fundi aliwaonyesha. “Nyie mmefua, choo ndicho kimepanda. Maana yake uchafu haujakwama hapa kwenye kona ya choo. Umekwama huko mbele, baada ya mabomba yote kukutana. Hii harufu nayo ni kitu kingine. Bomba la hewa liko wapi? Lile refu la kupanda juu ya paa?”

Mheshimiwa alikohoa. “Tulilikata.”

“Mlilikata.”

“Lilikuwa linaharibu sura ya nyumba kwa mbele,” Mama Usafi alisema. “Likafunikwa kwa saruji.”

“Sawa,” Fundi alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusikia mengi. “Basi nyumba imekuwa nzuri, haipumui.” Akatoa waya wake mrefu, akauingiza, akawa anausokota na kuhesabu mikono. Ulipogota, alitoka nje, akapima hatua kutoka ukutani mpaka katikati ya baraza ya mbele, akasimama. Chini ya viatu vyake kulikuwa na marumaru nyeupe zenye mishipa ya dhahabu, zinang'aa mpaka mtu anaona aibu kuzikanyaga.

“Chemba yenu, shimo la kukagulia mabomba, iko hapa. Kifuniko kiko wapi?”

“Kifuniko gani?” Mama Usafi aliuliza, naye alikijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia waliotandaza marumaru wapite juu yake, mwaka ule alioupata uenyekiti, kwa sababu mraba wa zege katikati ya baraza ulimkera macho.

“Hapa lazima pavunjwe. Marumaru nne tu. Tufungue chemba, tusukume kwa fimbo, kazi ya saa mbili.”

“Jumamosi nina wageni wa halmashauri! Watakanyaga wapi?”

“Jumamosi bado kesho kutwa. Nikianza sasa—”

“Havunji mtu.”

Fundi aliinua mabega, akarudi ndani kuvuta waya wake. Ncha ya ndoano ilitoka na kitu kirefu cha kijivu, kimejisokota kama kamba. Alikitandaza sakafuni kwa bisibisi. Kilikuwa tishu zile zenye maji, za kufutia vipodozi, tatu zimeshikana.

“Hivi ndivyo vimejaa huko. Paketi imeandikwa vinayeyuka, eh? Vinayeyuka kwenye tangazo. Ndani ya bomba vinasukwa mkeka.”

“Nilisema!” Mama Usafi alipiga makofi. “Nilisema vitambaa! Sikusema?”

Akamnyooshea kidole Bibi, ambaye alikuwa ameegemea fremu ya mlango wa korido, midomo imemkauka mpaka imepasuka.

Paketi ilikuwa juu ya rafu, pembeni ya kioo, wazi, tishu moja imechungulia nje kama ulimi. Binti aliitazama. Fundi aliitazama. Mheshimiwa pia aliitazama, na yeye hakuwa na haja ya kuisoma, maana ndiye aliyeileta nyumbani kila mwisho wa mwezi, tatu kwa mpigo, za harufu ya waridi. Kila usiku aliuona mkono wa mkewe ukifuta wanja na rangi ya mdomo, ukatupa, ukavuta maji.

Ilikuwa kazi ya sentensi moja. Mheshimiwa aliyeweza kuhutubia nusu saa kwenye kikao cha kugawa kalamu alilamba midomo, akamtazama mkewe, akaona uso wake, akageuka.

“Mama,” alimwambia mamaye, “mambo mengine ni ya kuelezana tu. Ukiwa hujui, uliza.”

Bibi alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda mpaka mtu mwingine yeyote angepata joto masikioni.

“Sawa, baba,” alisema. “Nimeelewa.”

Fundi Sikio alibadilisha mpira wa tangi, akaosha mikono, akakusanya vifaa. Mlangoni alikutana na Bibi, akampa shikamoo, akaongeza kwa sauti ya chini: “Mama, mimi nimeona vyoo vingi. Si wewe.”

“Najua si mimi, mwanangu,” Bibi alisema. “Na wao wanajua.”

* * *

Ijumaa asubuhi Bibi alisimama kutoka kitandani, akachukua hatua mbili, akaanguka. Hakuanguka kwa kishindo; alishuka taratibu ukutani kama nguo iliyoponyoka msumarini. Binti ndiye aliyepiga kelele. Mheshimiwa alimpeleka zahanati ya jirani akilalamika njiani kwamba ana kikao.

Muuguzi wa zamu alimfinya Bibi ngozi ya mkono, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama.

“Mama huyu ana siku ngapi hajanywa maji?”

“Ah, wazee,” Mheshimiwa alicheka kidogo, “unajua ukaidi wao.”

“Sijakuuliza ukaidi. Mama, mbona hunywi?”

“Nilikuwa nabana,” Bibi alijibu. “Choo kimefungwa.”

Watu waliokaa kwenye benchi waliacha kukohoa. Muuguzi aliweka kalamu chini.

“Kimefungwa na nani?”

“Kuna matengenezo,” Mheshimiwa alisema.

“Matengenezo yana kufuli,” Bibi alisema, “na ufunguo uko shingoni kwa mtu.”

“Wewe ni nani wake?” muuguzi alimuuliza Mheshimiwa, hakupunguza sauti hata kidogo.

“Mimi… ni mwanawe. Dada, tunaweza kuzungumza pembeni? Mimi ni mtu mwenye nafasi yangu.”

“Nafasi yako iko pale kwenye benchi, kakae. Nikishamtundikia maji nitakuita. Na nikuambie mapema, kwa kuwa inaonekana hukufundishwa: mtu mzima hukojoa. Mama mwenye vyuma mguuni, anayekunywa dawa, asipokunywa maji figo zinakufa. Ukimrudisha hapa hivi tena nitaandika sababu, na nitaiandika kwa herufi kubwa.”

Mheshimiwa alikaa kwenye benchi. Mzee mmoja aliyekuwa hapo alisogea, na hakusogea ili kumpisha.

Jioni alizungumza na mkewe kwa muda mrefu chumbani, mlango umefungwa. Alitoka na ushindi wake: Bibi angeruhusiwa chooni mara tatu kwa siku, akiomba ufunguo kupitia kwa mjukuu, na baada ya kila safari choo kingekaguliwa. Alimtangazia mama yake hayo akiwa amesimama, mikono nyuma.

“Nimekupigania, Mama,” alisema.

Bibi alikuwa na bandeji ya sindano mkononi. Aligeukia ukutani, akalala.

* * *

Jumamosi wakaguzi walitarajiwa saa nne. Saa moja asubuhi Mama Usafi alikwisha kutoka na filimbi yake kuamsha mtaa ufagie, na Mheshimiwa akamfuata nyuma amebeba mfuko wa maua ya plastiki. Kabla hawajaondoka marumaru zilipigwa deki mara mbili. Chooni palimwagwa chupa nzima ya dawa ya kunukia, na kufuli likafungwa.

Bibi aliomba gongo lake, akatoka mpaka barazani.

“Mpigie yule fundi,” alimwambia mjukuu.

Binti hakuuliza mara mbili. Fundi Sikio alikuja na fimbo zake za kuzibulia begani, ila alipoisikia kazi yenyewe alitikisa kichwa.

“Mama yangu, nakuheshimu. Lakini siwezi kuvunja nyumba ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Kesho nitaitwa mwizi.”

“Ni haki yako. Wewe usivunje,” Bibi alisema. “Nipe nyundo na tindo.”

“Mama, na mguu huo?”

“Tangu lini nyundo inashikwa kwa mguu?”

Alijishusha kwenye marumaru zilizong'aa, akanyoosha mguu wa vyuma mbele, akaukunja mwingine. Fundi akampa nyundo na tindo. Alikaa kama mtu aliyerudi kazini. Aligonga kwa mpini, akasikiliza, akasogea, akagonga tena mpaka sauti ikawa tupu. Kisha akaweka tindo kwenye kiungo cha saruji.

“Miaka kumi na minne nilivunja kokoto,” aliwaambia bila kuinua macho. “Baba yako, mjukuu wangu, amesomea kokoto. Daftari, kokoto. Viatu, kokoto. Hii?” Akapiga. Marumaru ya kwanza ilipasuka kutoka kona hadi kona. “Hii ni biskuti.”

Zilivunjwa nne, sawasawa na fundi alivyopima. Kifuniko cha zege kilitokea chini yake, kizee, na kilipoinuliwa kwa nondo harufu ilitoka kama mtu aliyefungiwa mwaka mzima. Chemba ilijaa mpaka shingoni. Fundi alifunga fimbo moja kwenye nyingine, akasukuma, akavuta, akasukuma. Mara kukatoka mlio mnene wa kumeza, maji yakashuka yote kwa mpigo, na kwenye ndoano zikaja tishu: gunia zima la tishu, zimesukana, nzito. Alizilundika barazani, hapakuwa na mahali pengine.

Saa tatu na nusu wakaguzi walifika. Watu wa serikali huchelewa siku unazowataka wawahi tu. Walikuwa wawili, bwana afya mzee mwenye miwani na msaidizi wake mwenye fomu, na katikati yao Mama Usafi akija anacheka, anaeleza, filimbi inaruka kifuani, Mheshimiwa nyuma yake, na nyuma yao nusu ya mtaa waliokuja kuona nyumba ya mfano.

Kicheko kilimkatikia getini.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa chini katikati ya vipande vya marumaru, nyundo mapajani. Chemba ilikuwa wazi. Lundo lilikuwa linatiririka taratibu kuelekea kwenye ngazi.

“Ni… ni mama mkwe wangu,” Mama Usafi alisema, sauti imepanda. “Mnamwona wenyewe. Ametoka kijijini, hajui choo, anatupa vitambaa, tumemwelekeza mpaka tumechoka. Na sasa akili nazo, mnaona, amevunja nyumba!”

Bwana afya alitoa kalamu yake mfukoni, akaigeuza, akalifukua lundo kwa kitako cha kalamu. Tishu za juu zilikuwa hazijakaa sana. Moja ilikuwa na midomo miwili myekundu, imekamilika, kama muhuri. Nyingine ilikuwa na wanja wa jicho zima, mpaka kope. Akainua miwani, akaitazama midomo ya Mama Usafi, myekundu vile vile. Akaitazama ya Bibi, ambayo bado ilikuwa na nyufa.

“Bibi,” aliuliza kwa adabu, “wewe unapaka rangi ya mdomo?”

Mtu mmoja nyuma alipasuka kwa kicheko, wakafuata wengine. Wanawake waliowahi kufunuliwa mapipa yao ya taka hawakuziba midomo.

Macho yote yalimwendea Mheshimiwa. Hata mkewe alimgeukia, kwa mara ya kwanza asubuhi ile akiwa na haja naye. Mheshimiwa alisafisha koo. Aliweka mikono nyuma.

“Ndugu wakaguzi,” alianza, “suala hili ni pana…”

Hakuendelea. Upana wake ulimshinda.

“Andika ni mimi, baba,” Bibi alimwambia bwana afya. “Weka jina langu hapo kwenye fomu. Uchafu wa huyu mwanamume nilianza kuubeba hajaota jino. Leo nitashindwa nini?”

Bwana afya hakuandika kitu. Aliitupa kalamu yake juu ya lundo la tishu, akampa Bibi mkono akamsaidia kusimama. Kisha akamwambia msaidizi wake kwamba nyumba inayofuata ni ya upande wa pili, na watu wote wakavuka nao.

* * *

Mtaa ulishika nafasi ya tisa katika mitaa kumi na moja. Kikao cha kamati kiliitishwa Jumanne, na mwenyekiti hakuhudhuria. Alituma ujumbe kwamba ana mafua. Wakachagua mwingine. Barazani, mahali pa marumaru nne, kilibaki kifuniko cha zege, na kila aliyeingia alikiruka. Choo kilivuta vizuri. Bomba la hewa likapandishwa tena juu ya paa, likaharibu sura ya nyumba kwa mbele.

Bibi alikaa wiki nne zaidi, kwa kuwa mfupa haukuwa na haraka ya mtu. Hakumsema yeyote. Alikunywa chai yake, akaenda alikotaka kwenda, akarudi. Mama Usafi alipishana naye koridoni akitazama sakafu, na jambo lililomtesa zaidi ni kwamba mama mkwe alimsalimu kila asubuhi, vizuri kabisa, kama mtu anavyomsalimu mpangaji.

Siku ya kuondoka, mjukuu alipokwisha kupakia mzigo, Mheshimiwa aliingia chumbani akarudisha mlango. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na hotuba, na bila hotuba alionekana mdogo, mwenye mashavu tu.

“Mama,” alisema, “siku ile ya fundi. Nilijua. Nilitaka kusema. Lakini unajua mambo ya nyumba… nilibanwa.”

Bibi alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Alikaza fundo, akachukua gongo lake, akasimama mwenyewe.

“Hapana, baba,” alisema. “Aliyebanwa ni mimi. Wewe uliogopa.”

Akamwomba ampishe mlangoni, apite.